Muulize Fundi: Waya wa Mbili na Nusu Unapimwaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba hapa Kibaha, ina miaka sita. Tulikwenda na kijana wa kutukagulia umeme. Alifungua soketi moja, akaushika waya kwa vidole, akasema, "Huu ni mbili na nusu, hauna shida." Je, kuna kifaa cha kuhakikisha? Dukani wameniuzia kibati cha matundu yenye namba. Kinafaa? – Mwalimu, Kibaha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kifaa kipo, na usitoe hela ya nyumba kabla hakijatumika. Mbili na nusu ni milimita za mraba za shaba iliyo ndani ya waya, lakini vidole vinashika ganda la plastiki. Ganda likiwa nene, waya mwembamba hupita kama mnene.

Mimi natembea na kalipa ya kidijiti, ile yenye taya mbili na kioo cha namba. Kwanza umeme uzimwe meni swichi, kisha fundi ahakikishe kwa kipimo kwamba waya hauna moto, na kipimo chenyewe akijaribu kwanza mahali penye umeme. Waya zinazotoka kwenye mita ya LUKU kuja meni swichi zinabaki na moto hata ukizima. Hizo asiziguse.

Mbili na nusu ya uzi mmoja husoma kipenyo cha milimita 1.78, moja na nusu 1.38. Ukikuta nyuzi saba, pima uzi mmoja peke yake. Usibane fungu zima, kwa sababu nafasi zilizo kati ya nyuzi zitakudanganya. Uzi wa mbili na nusu husoma 0.67 hivi. Hesabu yake: kipenyo mara kipenyo, mara 0.785, mara idadi ya nyuzi.

Niliwahi kuitwa nyumba moja Tanga, soketi ya jikoni imeyeyuka. Ganda la waya limeandikwa 2.5 waziwazi. Uzi ulisoma 0.57, nikapiga hesabu, nikapata 1.8 tu. Breka ilikuwa ya ampea 32, na mama mwenye nyumba alikuwa amewasha birika na oveni ndogo kwa pamoja. Iliniuma sana. Yule mama alilipa bei ya mbili na nusu, na aliyemfungia hakupima, akaamini maandishi.

Kwa hiyo ukishaujua waya, tazama breka inayoulinda. Mbili na nusu inayokwenda moja kwa moja hadi soketi ya mwisho, mimi naiwekea ya 20. Ya 32 naikubali pale tu waya unapozunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, na fundi akuonyeshe ncha zote mbili. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24. Hapo nataka waya wa nne, na ikiwa mbali na boksi la breka nataka wa sita.

Kuna jambo kalipa haiwezi kuligundua. Chukua kisu, kwangua ncha ya waya. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na haibebi mzigo sawa na shaba ya unene uleule.

Kibati chako kiweke kando. Namba moja ya kibati ina maana mbili: 14 ya Kimarekani ni kipenyo cha milimita 1.63, namba 14 ya Kiingereza ni 2.03, na waya zetu zinauzwa kwa milimita za mraba.

Rudini mkafungue sehemu tatu: shawa, soketi iliyo mbali kuliko zote, na boksi la breka. Kila sehemu aandike kipenyo cha uzi, idadi ya nyuzi na namba ya breka. Kijana huyo mwombeni leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajashika bisibisi. Hizo namba nitumie, tutapiga hesabu pamoja kabla hamjasaini.