Sainasi zisizoisha: je, nitafute dripu ya kingamwili?

SWALI: Shikamooni madaktari. Nina miaka 34. Mwaka huu nimetumia antibayotiki za sainasi mara 5. Dozi ikiisha, wiki chache tu makamasi ya kijani na maumivu ya mashavu yanarudi. Ndugu yangu aliyeko Uingereza anasema huko kuna wanaotundikiwa dripu ya imunoglobulini. Niitafute?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, dada. Pima kwanza. Dripu hiyo ni kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji, na humfaa mtu ambaye mwili wake hautengenezi za kutosha au hutengeneza zisizofanya kazi. Kama chanzo ni mzio wa vumbi, vinyama puani au jino la juu lililooza, haitakusaidia hata ukitundikiwa kila mwezi.

Anzia kliniki ya masikio, pua na koo, kama ya hospitali ya KCMC hapo Moshi, wakuangalie pua kwa kamera. Pima VVU na sukari. Kisha omba kipimo cha IgG, IgA na IgM, aina tatu za kingamwili. IgG ikiwa chini, au ikiwa ya kutosha lakini inashukiwa haifanyi kazi, unachanjwa chanjo ya nimokoka, bakteria wa nimonia. Damu hupimwa kabla ya chanjo na tena wiki 4 hadi 8 baadaye, kuona kama mwili umeitikia. Tunasisitiza hatua hii isirukwe: ukishaanza dripu, kingamwili za watu wengine zimo mwilini mwako na majibu hayaaminiki tena.

Ikithibitika kingamwili zako hazitoshi au hazifanyi kazi, dozi ya kuanzia ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3 au 4, kwani nusu ya IgG huisha mwilini kwa siku 21 hivi. Mwenye kilo 60 huanzia gramu 24. Kwa dawa ya asilimia 10 ni mililita 240. Nusu saa ya kwanza iende taratibu, kama mililita 30 kwa saa, ndipo iongezwe kidogo kidogo. Ikikimbizwa, kichwa huuma, baridi na homa hufuata. Kunywa maji ya kutosha tangu siku moja kabla, kulinda figo na kupunguza hatari ya damu kuganda.

Hata hivyo pua inaweza kuendelea kusumbua. Dawa hii ni IgG karibu tupu, ilhali utando wa pua hutegemea sana IgA. Faida yake kubwa ni kupunguza nimonia. Pua isafishe mwenyewe: maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 240, na chumvi nusu kijiko cha chai. Maji ya bomba yasiyochemshwa, hapana.

Na kabla ya dripu ya kwanza, pata jibu la bima kwa maandishi, maana tiba hii mara nyingi ni ya maisha.