Breki inasukuma meza: maswali yenu ya rigi za nyumbani

Wengi wenu mnaocheza michezo ya mbio za magari mmeuliza usukani gani ni mkali kwa rigi, yaani fremu inayoshika kiti, usukani na pedali. Nitafika huko, ila tuanzie chini, miguuni, maana ndiko rigi nyingi zinakoharibikia.

Kaka, habari za kazi. Nina usukani wa Logitech G29 na pedali zake, nimeubana kwenye meza ya chakula. Nikikanyaga breki kwa nguvu, pedali zinateleza hadi ukutani na kiti kinarudi nyuma. Nina akiba kidogo: ninunue usukani wa dairekti draivu (ule unaozungushwa na mota moja kwa moja, bila mikanda wala gia) au nitengeneze fremu? – Msomaji, Tanga

Nzuri kaka. Tengeneza fremu, tena usijiulize mara mbili.

Tupige hesabu. Mota ya G29 inatoa Nm 2 na kidogo (Nm ni newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukipanda hadi mota ya Nm 5, kama Fanatec CSL DD, ukingoni mwa usukani wa sentimita 28 unapata mvuto wa kama kilo tatu na nusu. Mkono unaushika bila shida, na meza nzuri inauvumilia. Sasa njoo kwenye mguu. Mtu mzima akikanyaga breki ngumu anasukuma kilo 40, hata 60, na wala hatoki jasho. Mguu unasukuma pedali mbele, mgongo unasukuma kiti nyuma. Kama pedali na kiti havijashikana, vitaachana tu, hata uweke usukani wa mamilioni.

Kwa leo usiku, ng'oa magurudumu ya kiti, kisha funga miguu yake na ubao wa pedali kwa mkanda wa kufungia mizigo. Haipendezi machoni, lakini utashangaa jinsi breki itakavyotulia.

Fremu yenyewe ni paipu za mraba za milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Zinauzwa kwa urefu wa mita 6. Mbili zinatosha na kipande kinabaki. Mbili ndefu chini, tatu za kukatiza, nguzo mbili za usukani, na mbili za mshazari kushikilia nguzo zisitikisike. Huna fundi wa kuchomelea karibu? Plaiwudi ya milimita 18 inafanya kazi vizuri tu, mradi sahani ya pedali uitie mihimili nyuma.

Nikuambie na kosa langu. Rigi ya kwanza nilimpa fundi vipimo nilivyochukua nikiwa nimekaa kwenye kiti cha sebuleni, nimevaa ndala. Akachomelea kila kitu, kazi safi kabisa. Nilipoweka kiti cha gari, nilikuta kiko chini zaidi kwa sentimita kumi na kitu: magoti yanagonga sahani ya usukani, shingo nimeinyanyua kama kobe. Tukarudi kwenye grinda. Tangu siku ile, kila kinachogusana na mwili wangu kinafungwa kwa bolti za M8 kwenye mstari wa matundu, na kuchomelea kunabaki kwa msingi peke yake. Kabla ya kukaza, egemea kiti mabega yote mawili, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kitue juu ya usukani. Kisha kanyaga breki mpaka mwisho. Goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, sogea mbele.

Usukani wa Nm 5 utakuja mwakani. Hauharibiki dukani.

Nimeona kiti cha Vitz kule Grogan, bei ya kutupa. Nichukue? – Msomaji, Nairobi

Chukua, lakini chukua na reli zake. Reli ndizo zitakazokuruhusu kusogea mbele na nyuma bila spana, na fundi akikuuzia kiti kitupu utahangaika wiki mbili kutafuta zinazolingana.

Sasa inama uangalie chini yake. Ukiona plagi ya manjano, ujue kuna waya wa eabegi au wa mfumo wa mkanda. Viti vingine vina eabegi ya ubavuni ndani ya kitambaa, nayo ni baruti. Usiichokoe kwa waya wa betri kuona kama inafanya kazi, na usichomelee karibu nayo. Tafuta kiti kisicho nayo, viko vingi.

Shikamoo kaka. Nina miaka 16, nataka kutengeneza handibreki yangu kwa Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu. Rafiki yangu anasema haitawezekana. – Msomaji, Arusha

Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi nusu. Handibreki inawezekana, Uno ndiyo itakayokusumbua, kwa sababu ikiwa kama ilivyotoka dukani, kompyuta haiioni kama kifaa cha mchezo. Tafuta Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4. Hizo zinajitambulisha kwa USB kama joistiki.

Njia rahisi ni potenshomita ya kilo-omu 10, kile kinobu cha umeme kama cha kuongezea sauti ya redio. Ina miguu mitatu: mmoja wa pembeni kwenye volti 5, wa pembeni mwingine kwenye GND (hasi), wa katikati kwenye A0, tundu la bodi linalosoma volti. Mhimili wake uufunge kwenye nyonga ya mkono wa handibreki, pale unapozungukia. Mkono wenyewe utaupata kwa wauza vyuma chakavu. Ondoa lile jino linaloushikilia juu, na uongeze springi ya kuurudisha.

Ukitaka ihisi nguvu badala ya mwendo, tumia lodi seli, kile kipande cha chuma kilichomo kwenye mizani ya kidijitali, pamoja na bodi ndogo ya HX711 inayoisoma. Hapa wengi hukwama: bodi nyingi za aina hii zinakuja zimewekwa kusoma mara 10 kwa sekunde. Unavuta, gari linageuka baadaye kama limepata habari kwa barua. Mguu wa RATE kwenye chipu ukiupeleka juu, inasoma mara 80. Naomba unitumie picha ukimaliza, hata ikiwa imefungwa kwa gundi.

Gia niweke kushoto au kulia? Magari mengi ya kwenye mchezo yana usukani kushoto. – Msomaji, Mombasa

Kushoto, kama gari la nyumbani. Mkono wako ushazoea, na mpangilio wa gia haubadiliki: namba moja iko palepale juu kushoto. Mikono ya dereva wa kwenye skrini ifiche kwenye mipangilio, ikikukera. Lakini kama unapenda rali, na najua watu wa Pwani wengi mnacheza Safari Rally kwenye mchezo wa EA Sports WRC wa 2023, usinunue kwanza gia za H, zile za kuchagua namba kama za gari la manyuo. Magari ya Rally1, daraja la juu la rali, yana gia tano za kuvuta na kusukuma. Handibreki itakufaa zaidi.

Breki inajikanyaga yenyewe kwenye mnyoofu. – Msomaji, Zanzibar

Vumbi kwenye potenshomita, na hewa ya chumvi haisaidii. Fungua, puliza dawa ya kusafishia saketi, ile ya mafundi simu, kanyaga mara hamsini, acha ikauke. Si WD-40.

Kila kona naingia mapema mno. Natumia TV ya inchi 43, iko mita mbili mbele yangu. – Msomaji, Morogoro

Tatizo si wewe, ni umbali. Upana wa TV hiyo ni kama sentimita 95. Kutoka mita mbili inafunika nyuzi 27 tu za macho yako. Mchezo ukikuonyesha nyuzi 60 ndani ya hizo 27, kila kitu kinaonekana mbali na cha haraka, na ubongo unakisia kona vibaya. Isogeze hadi sentimita 80, nyuma kabisa ya usukani: unapata kama nyuzi 61 za kweli. Mchezo wa Assetto Corsa unauliza pembe ya kuona ya wima, juu hadi chini, hivyo kwako andika 37. Siku mbili za kwanza gari litaonekana linatambaa. Vumilia.

Naishi ghorofa ya tatu, jirani wa chini analalamika usiku, na mimi navaa hedifoni! – Msomaji, Dar es Salaam

Yeye hasikii injini, dada. Anasikia pedali ya mafuta ikigonga mwisho wake. Kata kipande cha ndala kuukuu, kibandike nyuma ya pedali, na kingine chini ya kila mguu wa fremu.