Maswali na Majibu: Fremu za Baiskeli za Kiitalia

SWALI: Nina fremu ya chuma ya mbio, ya Kiitalia, ya miaka ya 1980. Kikombe cha beringi za pedali upande wa mnyororo hulegea kila baada ya wiki mbili tatu. Nimeletewa kasha jipya la beringi, likaingia likipwaya, halishiki thredi hata moja. Fremu ndiyo imekufa?

JIBU: Haijakufa. Kasha hilo ni la kipimo cha Kiingereza, kipenyo inchi 1.37, kama milimita 34.8. Tundu la fremu yako, pale kasha linapoingia, ni la Kiitalia: kipenyo milimita 36, upana 70 badala ya 68. Thredi zote mbili ni 24 kwa inchi, ndiyo maana kwa macho matupu utadhani ni kitu kimoja. Safisha uso wa kikombe cha zamani usome. Ukikuta 36 x 24, agiza hicho hicho. Colnago, De Rosa na Pinarello za chuma za enzi hizo karibu zote ziko hivyo.

Kulegea ni jambo jingine. Kikombe hakilijazi tundu kabisa, pana mwanya mwembamba kwenye thredi. Uzito wa mguu unapohama kulizunguka tundu, kikombe huviringika ndani yake kama pete ndogo ndani ya pete kubwa, na kila mzunguko kinarudi kinyume kidogo sana. Upande wa kulia, kinyume hicho ni kufungua. Waingereza waliuchonga upande huo thredi ya kushoto, mambo yakaisha. Waitalia wakabaki na thredi ya kawaida pande zote mbili. Kwa maoni yetu ni ukaidi tu, lakini ndiyo fremu uliyonayo.

Toa kila kitu. Sugua thredi kwa mswaki na mafuta ya taa, umalizie na spiriti mpaka kitambaa kitoke bila doa, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta. Kulia paka gundi ya thredi ya nguvu ya kati. Grisi iende kushoto peke yake. Anza kwa vidole mizunguko mitatu minne. Kikigoma mapema kimepanda thredi vibaya, kitoe uanze upya, usikilazimishe kwa spana. Kisha kaza kulia hadi nyutoni-mita 70, sawa na kuning'iniza kilo 14 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita. Wengi hukaza nusu ya hapo wakadhani imetosha. Iache saa 24 kabla ya kuendesha.

Usiendelee kuikanyaga ikiwa imelegea. Thredi za Kiingereza zikifa, tundu linaweza kuchongwa upya likawa la Kiitalia. Za Kiitalia zikifa hakuna kipimo kikubwa zaidi cha kukimbilia. Linabaki kasha lisilo na thredi, lile linalojibana lenyewe kutoka pande zote mbili.

Unapoagiza, angalia na krenki, yaani mikono inayobeba pedali. Za zamani za Campagnolo, kampuni ya vipuri ya Kiitalia, zinataka kasha lenye ekseli ya mraba ya kipimo cha ISO. Ukizivisha kwenye ekseli ya JIS, kipimo cha Kijapani, zitasimama nje kwa karibu milimita 4 na nusu, na mnyororo hautakaa kwenye mstari.

SWALI: Nimeonyeshwa Colnago ya chuma ambayo uma wake wa mbele umenyooka kabisa, hauna ule mkunjo wa chini. Je, iligongwa ikanyooshwa?

JIBU: Huenda imetoka kiwandani hivyo. Ernesto Colnago, aliyeanzisha kampuni yake Cambiago, karibu na Milano, mwaka 1954, alitoa uma ulionyooka uitwao Precisa. Gurudumu halijarudi nyuma: miguu imeinamishwa mbele kuanzia kichwani mwa uma, kwa hiyo ekseli inakaa mbele ya mstari wa usukani kama kwenye uma uliopinda. Franco Ballerini, mwanambio wa Kiitalia, alishinda Paris–Roubaix ya 1995, mbio za Ufaransa zinazopita barabara za mawe, kwa Colnago C40 yenye uma ulionyooka.

Ajali itafute pengine. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya kichwa cha fremu (bomba fupi linaloshika uma), kisha chini ya bomba la juu mahali hapohapo. Kidole kikikutana na kiwimbi, au rangi ikiwa na nyufa za kukatiza bomba, iache hapohapo hata ikiwa inang'aa namna gani.

SWALI: Gurudumu la nyuma lina upana wa milimita 130 kwenye kitovu, fremu yangu ya chuma ina nafasi ya 126. Nitanue kwa mikono nilitie?

JIBU: Litaingia, lakini ncha za fremu zinazoshika ekseli hazitakuwa sambamba, na ekseli itakuwa inapindwa kila unapokanyaga. Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa ibaki hivyo, milimita 2 kila upande, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Kisha funga uzi kwenye ncha ya nyuma, uzungushe mbele ya kichwa cha fremu, uurudishe ncha ya pili. Umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti uwe sawa kulia na kushoto. Ukitofautiana, upande mmoja umekubali kuliko mwenzake, urekebishe huo tu. Mwisho ncha zenyewe zinyooshwe kwa kifaa chake ziwe sambamba. Kwa alumini au kaboni usijaribu, zitapasuka.