Aache kupaka kwanza, kisha akatwe kipande cha ngozi

Usinunue tyubu nyingine, dada yangu wa Malindi. Umeeleza kwamba mumeo ana mabaka meupe kiunoni na mapajani, yanayofifia akipaka krimu na kurudi krimu ikiisha, kisha ukauliza krimu ipi ni kali zaidi, tiba ya mwanga inapatikana wapi na vyakula gani aepuke. Mabaka ya namna hiyo yanaweza kuwa mba, ukurutu au hata ukoma. Yangu yalikuwa maikosisi fangoidesi, limfoma adimu ya ngozi, yaani saratani inayotokana na chembe nyeupe za damu aina ya T, wala haisababishwi na fangasi.

Muuza dawa wetu hapa Lamu hakuwahi kuyaona. Alinisikiliza dirishani nikielekeza kidole juu ya kikoi, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda pasipofika jua na makalio ya mtu mzima hayaanikwi sokoni, akaapa kwamba ni choa na kunipa krimu yenye mchanganyiko wa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na antibiotiki. Nadhani hata punda mwenye kidonda angepewa tyubu ileile.

Fedha za tyubu si kitu. Hasara ilikuwa kwamba nilikwenda kukatwa kipande Mombasa nikiwa nimepaka hadi asubuhi ile, na steroidi hutuliza chembe zilezile ambazo mwanapatholojia anazitafuta kwa hadubini. Majibu yakasema ukurutu, nami nikarudi nyumbani kupaka kwa bidii zaidi, huku baka la pajani likiinuka na kuwa gumu. Hata bila steroidi ugonjwa huu hujificha mwanzoni, na wengi hukatwa zaidi ya mara moja kabla haujatambuliwa. Shemeji aache krimu kwa muda atakaoagizwa na daktari wa ngozi, kwa kawaida wiki 2 hadi 4, kisha vipande vitolewe kwenye mabaka zaidi ya moja, na fomu iseme wazi kwamba limfoma inashukiwa ili maabara ipime chembe za T.

Cha kuchekesha, ugonjwa ulipojulikana, steroidi hiyohiyo ilikuwa sehemu ya tiba yangu pamoja na mwanga wa UVB, aina ya miale ya urujuanimno. Aende na tyubu zote mfukoni, kwa sababu daktari anataka kusoma viambato, na "ile ya kifuniko cha buluu" haimwambii chochote.