Uliza Tukujibu: Walikuja kwa tisheti, saa hii hawaonekani

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha mazingira huku Mikindani, Mombasa, tuko kando ya mkono wa bahari. Tuliita vijana kupanda mikoko wakaja wengi ajabu, manake kulikuwa na tisheti na soda na mheshimiwa alikuwa aje. Wiki iliyofuata nikaita kikao wakaja watatu, na mmoja alikuja kudai tisheti yake. Sasa miche mingi imekufa, mingine imefunikwa na mifuko. Wazee wananiambia vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka simu tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mwenyekiti, lakini hapo kwa wavivu mimi siko na wazee. Kijana anayekaa juu ya bodaboda mpaka saa sita usiku akitafuta mia mbili si mvivu. Mlimwita sherehe akaja sherehe, ilipoisha akaenda zake, kosa lake liko wapi?

Hebu tuanze na hiyo miche. Siku ya kupanda ilichaguliwa na nani? Kama ilifuata diary ya mheshimiwa basi shida ilianzia hapo, kwa sababu wanaojua mikoko wanaangalia kwanza bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo), mambo ya wageni baadaye. Na mahali je? Wengi wanaokota zile mbegu ndefu za kijani za mkoko wenyewe, kwa kuwa ndizo rahisi kupata, halafu wanazichomeka kwenye tope la mbele kabisa linalopigwa na maji ya bahari, na pale kwa kawaida ni kwa mlilana, mkoko unakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi (zote hizo ni aina za mikoko). Mwezi hauishi zinaelea. Sasa huyo kijana akipita akaona kazi yake yote imekufa utamwita mara ya pili na maneno gani?

Ningekuwa wewe ningeshika wale watatu, na yule wa tisheti nimpe tisheti yake yaishe. Wape kipande kidogo cha tope kiwe chao kabisa. Kila bamvua maji yakitoka waingie wahesabu mingapi iko hai, mingapi imekufa na imeuliwa na nini, ni kaa, ni taka, ni mchanga ama ni mbuzi, wapige picha wakisimama palepale kila mara, iandikwe kwenye daftari. Hapo simu mnayoilalamikia imekuwa kifaa cha kazi. Mtu anayejua mbegu ataipapasa pale inapoungana na tunda aone pete imegeuka manjano ndio ajue imekomaa, na anajua ncha iliyochongoka ndiyo inaingia topeni, kama thuluthi hivi (nimeshaona watu wazima na suti zao wakiipanda kichwa chini mbele ya kamera, wakapigiwa makofi). Wakishafika hapo waachie wao waamue wapi papandwe, hata wakikupinga wewe. Wapewe na daftari la pesa pia wasome. Kijana akiona anaitwa kubeba miche tu lakini hesabu hazioni, anakuachia grupu la wasapu kimya kimya.

Hao wazee nao wasikae kulaumu, wana kazi. Waje wasimulie mvua za Elninyo za 1997 na 1998 zilivyofanya pale Mwache, si mbali na kwenu, mito ilishusha mchanga ukafunika mizizi ya kupumulia na mikoko mingi ikafa imesimama. Hiyo inaingia kichwani kuliko semina yoyote ya tabianchi.

Sasa pesa, usione haya kuisema. Kujitolea ni neno tamu kwa mwenye mshahara. Nauli na chai lazima, kisha muanze kitalu muuze miche, ama mizinga ya nyuki. Mtu atakuletea stori za kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaifyonza, sikiliza lakini usiwaahidi vijana. Gazi kule Kwale mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni kweli, tangu 2013 hivi, hekta 117, pesa zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule, lakini ni mfuko wa kijiji, hakuna anayelipwa mshahara wa kuishi kwa kuwa tu ni kijana wa pale, na nyuma yake kuna miaka mingi ya utafiti na kupanda tangu miaka ya tisini mwanzoni.

Na kabla hamjapanda tena piteni ofisi ya misitu. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, usije ukaambiwa umeingia bila ruhusa.

SWALI: Nina miaka 22, niko Kilifi, ni mwakilishi wa vijana kwenye kamati ya tabianchi ya wodi. Kazi yangu imekuwa kuandika waliohudhuria na kupiga picha. Nikisema neno naambiwa "subiri kwanza mwanangu." Nijiuzulu?

JIBU: Usithubutu mdogo wangu. Hizi kamati za wodi ziko kwenye sheria za kaunti, Makueni walitangulia 2015 na mfuko wao wa tabianchi, na kiti cha vijana hukupewa kwa hisani ya mtu. Kazi ya kuandika ibaki kwako, lakini andika pia nani alisema nini na nini kiliamuliwa, kikao kinachofuata usome. Utashangaa watu watakavyoanza kukutafuta kabla ya kikao. Picha mpe mwingine.

Alafu hili la pwani yetu unalijua: mzee hasikii barazani mbele za watu. Chagua mmoja, nenda kwake jioni, mwamkie vizuri, mwambie "baba nimekuja unishauri," umweleze kisima ama mtaro unaoutaka na gharama zake. Kuna uwezekano ataenda kulisema kama wazo lake. Inakera, najua, lakini mtaro utachimbwa na kwenye daftari lako jina lako liko.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha pili, kila Jumamosi anarudi na tope la mikoko, ati klabu ya mazingira. Kuna kazi kweli huko?

JIBU: Ipo mama. Chuo Kikuu cha Pwani wanafundisha sayansi ya bahari, na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ina kituo hapo Gazi, mwambie klabu yao iombe kwenda kutembea. Hilo tope loweka kwa maji baridi kabla ya sabuni. Viatu vya shule asiende navyo.