Tua au Jalen Hurts pale Alabama

Nani alikuwa bora kati ya hawa makwotabeki wawili (wachezaji wanaorusha pasi na kuongoza mashambulizi) wa timu ya futiboli ya Marekani ya Chuo Kikuu cha Alabama? Kwa kurusha mpira, Tua Tagovailoa alikuwa juu ya Hurts, hilo halina ubishi: msimu wa 2018 alipiga pasi 43 za tachidauni (za kufunga alama), 6 tu zikanaswa na wapinzani. Lakini anayesema Hurts alikuwa kwotabeki wa kawaida anamkosea sana. Mechi alizoanza Alabama alishinda 26, akapoteza 2. Ni kweli, fainali ya ubingwa wa vyuo ya Januari 2018 dhidi ya Chuo Kikuu cha Georgia Hurts alitolewa mapumziko wakiwa nyuma 13-0, Tua akaingia wakashinda 26-23. Ila Desemba mwaka huohuo, dhidi ya Georgia haohao, Tua akaumia kifundo cha mguu na Hurts ndiye aliyeokoa jahazi, 35-28. Kwa kukimbia na mpira, namchukua Hurts.