Boksi la juu ya gari: pima kilo kabla ya lita

Msomaji mmoja wa Nkuhungu, Dodoma, anapanga safari ya Moshi mwisho wa mwaka: watu sita ndani ya Noah, na mabegi hayana pa kukaa. Ameenda kuulizia boksi la juu, muuzaji akamuuliza swali moja tu: "La lita ngapi?" Swali hilo ndilo la mwisho. Boksi linakuongezea nafasi, lakini uzito ambao paa la gari linaweza kubeba halikuongezei hata kilo moja.

Anza na kitabu cha gari. Mengi ya magari yetu ni mitumba ya Japani, na kitabu, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Tafuta mtandaoni kitabu cha Kiingereza cha toleo hilo hilo, ukifuata msimbo wa chesisi, yaani herufi na namba zinazotaja toleo la gari. Magari madogo mara nyingi hupewa kilo 50 hadi 75 juu ya paa; yale makubwa yenye miguu mirefu 75 hadi 100. Kiwango hicho kinahesabu kila kitu: vyuma vya kukingama vinavyolala paani kubeba boksi, boksi lenyewe na mzigo. Tuseme paa lako ni kilo 75. Toa vyuma kilo 6, toa boksi kilo 20. Umebakiwa na 49. Hizo ni debe mbili za mahindi na begi moja la nguo. Gunia la mahindi la soko la Kibaigwa halipandi, hata kama ukilipima kwa macho linaingia vizuri. Na vyuma vina kiwango chake, boksi lina lake. Unafuata kile kilicho kidogo kuliko vyote.

Wapo wanaobisha kwamba fundi anasimama juu ya paa na halibonyei. Gari limesimama hilo. Likitembea, kila shimo na kila breki ya ghafla inauzidisha mzigo ule ule mara kadhaa, na nguvu yote inaishia kwenye miguu minne ya vyuma. Ndiyo maana keria ya kuchomelea mtaani inahitaji kupimwa: ishike mikononi upande mizani, kisha panda bila hiyo, utoe. Kuna keria ambazo peke yake zimeshakula nusu ya kiwango.

Vyuma vichague kwa aina ya paa. Paa lenye reli zilizoinuka ni rahisi, karibu miguu yote ya kubana inakaa. Reli zilizolala bapa zinahitaji miguu yake maalumu. Paa tupu, kama la IST, linabanwa kwenye kingo za milango, na hapo lazima upate vibanio vilivyotengenezwa kwa umbo la gari hilo. "Inafanana" haitoshi, kibanio kisichokaa sawasawa kinakata mpira wa mlango na siku moja kinateleza. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina mfereji wa pembeni, hazisumbui.

Boksi la mtumba lisikutishe, ila likague. Pitisha kidole kwenye mfuniko: kikitoka na unga mweupe kama chaki, jua limeshalila. Bonyeza sakafu yake kuzunguka matundu ya bolti. Ukiona mstari mweupe unatokea, hapo ndipo litakapopasukia. Fungua na kufunga kufuli zote. Kwa maboksi mengi mazuri ufunguo hautoki mpaka kila kufuli iwe imeshika, kwa hiyo ufunguo unaotoka wakati mfuniko bado unacheza ni sababu ya kuliacha. Namba iliyochongwa kwenye kufuli iandike mahali, utaihitaji ufunguo ukipotea.

Kufunga ndiko kunakoharibiwa zaidi. Vyuma viachane sentimita 60 hadi 80, kadiri sakafu ya boksi inavyoruhusu. Vikikaribiana sana boksi linapigapiga kama bembea. Pandisheni wawili, likiwa tupu. Pua iliyochongoka iangalie mbele. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini boksi linalofungukia nyuma likigeuzwa, upepo unaingia chini ya mfuniko na kuuinua. Kabla ya kukaza, fungua mlango wa buti mpaka mwisho uone kama unagusa. Mlango wa Noah ni mrefu na unapanda juu sana, kwa hiyo boksi lisogezwe mbele, lakini lisipite kioo cha mbele. Kila U-bolti, ile yenye umbo la U inayoshika boksi kwenye vyuma, ipate bati lake pana kwa ndani. Washa ndogo, ile pete ya chuma ya chini ya nati, peke yake inazama kwenye plastiki. Kaza kwa mkono, kwa mzunguko, kidogo kidogo, zote nne. Mwisho shika pua ya boksi utikise. Gari zima likitikisika nalo, umemaliza. Boksi likitikisika peke yake, rudia.

Mzigo mzito ukae katikati, kati ya vyuma viwili. Ncha za mbele na nyuma ni za mito, blanketi na makoti. Mabegi laini ya shangazi kaja yanafaa kuliko masanduku magumu, yanajaza kona zote. Mikanda ya ndani ifunge hata kama boksi limejaa, maana bila mkanda mzigo wote unakimbilia mbele siku ya breki. Mtungi wa gesi na galoni la mafuta visipande kabisa. Na kwa wanaopenda kuwapelekea wenyeji wa mbali zawadi ya Dodoma: zabibu na mvinyo vikae ndani ya gari. Boksi jeusi kwenye jua letu la mchana ni tanuri.

Vumbi nalo. Watu wanadhani linaingilia mbele, linaingilia nyuma. Gari likikimbia, nyuma yake pana upepo mwepesi unaovuta vumbi jekundu mpaka kwenye ukingo wa mfuniko. Matundu ya sakafu ambayo hayajatumika yazibe kwa tepu pana ya kitambaa, na nguo ziweke ndani ya salfeti iliyofungwa mdomo. Kufuli usizipake oili, inashika vumbi na kugeuka tope. Unga wa grafaiti ndio dawa.

Barabarani, nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na mafuta utayaona. Gari pia limeongezeka kimo kwa karibu nusu mita, linayumba kwenye kona na linasukumwa lori linapopishana nawe. Kwenye rasta na matuta shuka mwendo kabla hujafika. Bandika karatasi yenye kimo kipya cha gari mbele ya usukani, kwa ajili ya mageti na vibanda vya maegesho.

Kwa huyu wa Nkuhungu: simama Mayamaya, kama kilomita 44 kutoka mjini, ukaze upya bolti zote, kwa sababu plastiki na raba zinalegea zikishapata mtikisiko wa kwanza. Rudia kukagua Kondoa, kabla ya kona za Kolo na Bereko. Muuzaji mpelekee namba mbili tu: kilo zilizobaki baada ya hesabu, na sentimita kutoka mlango wa buti ulio wazi mpaka juu ya kioo cha mbele. Boksi lolote linaloingia humo, lita zake zozote, chukua. Ukirudi, lishushe, likae kivulini mpaka safari nyingine.